Nyumbani wanasema ni presha ilimuua ndugu yangu

Anti habari yako. Majibu yako nimeyasoma kwa muda mrefu lakini sijawahi kuandika, leo usingizi umekataa kabisa nikaona wacha niandike tu, utanisamehe kama maneno yanarukaruka. Mimi ni mama wa miaka 31, kazi yangu iko Nairobi lakini kwetu ni Bungoma upande wa Webuye. Tulizaliwa watano. Yule anayenifuata tulimpoteza mwaka jana mwezi wa nane, hapa nitamwita Wekesa ingawa sio jina lake. Alijitoa uhai. Naandika hivyo na mkono unatetemeka juu ni mara ya kwanza naliandika hilo neno mahali popote, na nyumbani hakuna mtu amewahi kulitamka, hakuna hata mmoja.

Mama anasema ni presha. Kijana wa miaka 27 anayebeba gunia la mahindi peke yake kutoka shambani mpaka stoo, ati presha ilipanda usiku akafa. Kwenye tangazo la kifo waliandika ameaga "baada ya kuugua kwa muda mfupi" na mimi ndiye niliambiwa nisambaze kwa WhatsApp ya familia na ya watu tuliosoma nao, nikasambaza. Na kijiji kizima kinajua! Polisi walikuja na gari mchana, watoto wakalikimbilia, wakaandika mambo yao wakambeba wakaenda mochari. Sasa hapo unamficha nani?

Mazishi ndio yaliniumiza kuliko kifo chenyewe, kama hilo linawezekana. Wazee wa ukoo walikaa wakaamua. Mwili ukatoka mochari jioni, ukifika nyumbani haukuingizwa kwa nyumba, ukapitishwa kando ya zizi mpaka nyuma karibu na ua wa mpaka, sio pale babu na wengine wamelala. Hakuna hema, hakuna viti vya kukodi, hakuna watu kulala matangani. Giza liliingia vijana bado wanafukia wakimulikiwa na tochi za simu. Sisi ni Wakatoliki, lakini katekista alikuwa ameshatuma neno kwamba padre hatakuja kwa mtu aliyekufa hivyo. Kwa jumuiya yote walikuja akina mama wawili tu, wakaimba wimbo mmoja wakaenda. Hata kile kikao cha kunyoa, pale watu husema marehemu alikuwa na deni la nani na nani alikuwa na deni lake, hakikufanyika. Baba mdogo alisema mtu kama huyo hakaliwi kikao. Ikaisha hivyo. Kesho yake mama aliamka akaenda kukamua ng'ombe.

Wekesa alikuwa mgonjwa Anti, mimi najua sasa, wakati ule sikujua kuuita ugonjwa. Kazi ya mkataba iliisha, akarudi nyumbani akaanza kuku na mkopo wa simu, kuku wakafa, lakini hata kabla ya hapo alikuwa halali. Aliniambia siku moja kichwa chake ni kama redio imewashwa haizimwi. Mama alimpeleka maombi mara kadhaa. Dada yetu aliyeolewa Kimilili ndiye alisema apelekwe hospitali, baba mdogo akasema kwa hii boma hatuna mtu wa Mathare, ile hospitali ya wagonjwa wa akili.

Ile usiku alinitumia ile ya "tafadhali nipigie". Nilikuwa kwa matatu natoka kazini, watu wamejaa, nikaiona nikajua anataka pesa, nikasema nitampigia nikifika. Nikafika nimechoka nikalala. Asubuhi nikamtumia mia tano bila kupiga. Saa nne ndio dada akanipigia. Ile meseji ya M-Pesa iko na majina yake yote matatu, inasema amepokea, na alikuwa ameshaenda. Bado iko kwa simu. Siwezi kuifuta na siwezi kuiangalia.

Sasa iko hivi, niko na mimba ya miezi saba. Nataka mtoto akiwa kijana aitwe Wekesa. Kwetu mtu akifa anarudishwa kwa jina, ndio desturi yetu. Nilipoitaja hiyo kitu mama alitoka nje, na mama mkwe akaniambia wazi nisilete mkosi kwa nyumba yake, jina la mtu kama huyo halirithiwi. Mume wangu ananyamaza tu, anasema tungoje. Mimi nasikia kama wanamzika mara ya pili.

Pia kuna kitinda mimba wetu, ako na miaka 19, alimaliza shule anangoja kujiunga na chuo. Siku hizi analala kwa simba ya Wekesa, ile nyumba ndogo ambayo baba mdogo alitaka ibomolewe, anavaa jaketi yake hata kukiwa na jua. Dada anasema hali chakula na wengine. Viatu vyake vya mpira alivyokuwa anavipenda sana amempa jirani. Juzi nikimpigia akasema "hata mimi nimechoka tu" nikamwambia asichoke, ajikaze, chuo kinakuja. Baba mdogo anasema huyo pia ako na ile damu.

Nataka kujua Anti, ni mimi nakosea? Niwaache na presha yao ama niseme ukweli watu wasikie? Mtoto nimpe jina au niachane nalo? Na lile swali lingine unalijua bila mimi kuuliza, ningepiga ile simu?

Dada wa marehemu, Nairobi

ANTI ANAJIBU

Pole sana mwanangu. Pole ya kweli, manake naona mpaka leo hakuna aliyekupa. Ulipewa kazi ya kusambaza tangazo.

Maswali yako nimeyaona yote na nitayajibu, lakini sianzi na jina la mtoto wala na mazishi. Naanza na yale uliyoandika karibu na mwisho baada ya neno "pia". Kitinda mimba. Analala kwa simba ya marehemu, hali na watu, amegawa viatu alivyovipenda na amekuambia kwa mdomo wake kwamba amechoka. Ukiniletea barua yenye hayo mambo tu bila lingine lolote, ningekujibu siku hiyo hiyo. Mtu anayeanza kugawa vitu vyake vya thamani bila sababu hiyo ni dalili, kujitenga ni dalili, na "nimechoka" ya kijana wa miaka 19 ambaye hajafanya kazi ngumu wiki nzima haimaanishi miguu. Tena amefiwa na kaka kwa njia hii, na waliofiwa hivi wako kwenye hatari kuliko watu wengine, hilo wataalamu wanalijua siku nyingi.

Halafu fikiria nyumba anayoishi. Anajua kilichomuua Wekesa, alikuwepo gari la polisi likija. Lakini kila akifungua mdomo anaambiwa ni presha. Sasa yeye akiamka usiku na ile redio ya Wekesa imewaka kichwani mwake, atamwambia nani? Mama atamjibu nini, apimwe presha? Hapo ndipo naona ubaya wa huo uwongo wenu. Wekesa hauwezi kumdhuru tena. Unamziba mdomo mdogo wake.

Kwa hiyo leo, sio kesho, mpigie. Usitume meseji. Akishika muulize habari za nyumbani kidogo halafu muulize wazi, kwa maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyatumia kwenu: "Tangu Wekesa ajitoe uhai nakuwaza sana. Unawaza kufa? Umewahi kuwaza kujitoa uhai?" Najua mate yamekukauka kusoma hivyo tu. Watu wengi wanadhani ukiuliza utampandikizia hilo wazo. Hapana, haliingii hivyo, na wanaofanya kazi hii kila siku huuliza waziwazi kabisa. Kama hawazi atakushangaa mtacheka yaishe, kama anawaza atapumua kwa mara ya kwanza.

Ukishauliza nyamaza. Hata kama ni dakika nzima ya kimya na salio linaisha, nyamaza. Akisema ndiyo, yale yote yatakayokujia haraka yameze, usimwambie mama atakufa kwa uchungu, usimwambie ni dhambi, na ile ajikaze uliyompa juzi usiirudie. (Sikulaumu, ndiyo dawa tuliyolelewa nayo wote.) Mwambie asante kwa kuniambia, sitakuacha, tutalishughulikia hili mimi na wewe. Kisha umuulize kama amepanga jinsi na lini. Jibu likiwa ndiyo, basi asilale peke yake usiku huo. Dada wa Kimilili apande boda aende akalale pale, ama kijana achukuliwe akalale kwa dada. Na nyumbani dawa za shamba, za kuogeshea ng'ombe, za mama za hospitali kama anazo, zote zitoke pale zifungiwe kwa jirani mnayemwamini. Usione ni jambo dogo hilo. Ile hamu ya kufa mara nyingi hupanda ikashuka, na mtu akivuka lile saa baya bila kitu karibu yake, wengi wanaishi. Sri Lanka walipopiga marufuku dawa za shamba zenye sumu kali zaidi, waliojitoa uhai nchi nzima walipungua kwa zaidi ya nusu, na hakuna aliyewahubiria. Vilitolewa tu karibu na mkono.

Namba ya kupiga ni 1199 ya Kenya Red Cross, haikatwi salio, au Befrienders Kenya 0722 178 177. Anaweza kupiga yeye, unaweza kupiga wewe ukaulize umwambie nini.

Baada ya hapo ni hospitali. Hospitali ya rufaa ya kaunti, muulizie afisa au muuguzi wa afya ya akili na kliniki yao ni siku gani, manake sehemu nyingine daktari huja siku fulani tu za wiki na mkienda siku nyingine mtarudishwa, na kijana akirudishwa mara moja hatakubali kwenda tena. Atoke nyumbani na mtu, asiambiwe "nenda hospitali" kama anatumwa dukani. Akipewa dawa za dipresheni ajue zinachukua wiki kadhaa kabla hajasikia nafuu, hapo ndipo wengi huziacha wakisema hazifanyi kazi. Na Mathare ya baba mdogo, kwani Mathare ni nini? Hospitali ipo tangu 1910, watu wanaingia pale asubuhi wanaonana na daktari, wanachukua dawa, wanarudi kazini. Sisi tumeigeuza tusi.

Kuna hofu nyingine ambayo hukuiandika lakini kwenye familia zetu huwa ipo, kwamba ukimpeleka kijana hospitali ukasema alitaka kujiua, daktari ataita polisi. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilisema anayejaribu kujitoa uhai amefanya kosa, na angeweza kufungwa mpaka miaka miwili. Watu walitolewa wodini wakapelekwa kortini na vidonda vibichi. Lakini Januari 2025 Mahakama Kuu pale Nairobi, Jaji Lawrence Mugambi, ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na katiba. Kesi ilipelekwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Mwambie baba mdogo hilo, na kama anapenda sana kusema mila, mwongezee kwamba sheria yenyewe tuliletewa na Waingereza ambao kwao waliifuta 1961, sisi tukabaki tumeikumbatia.

Na "ile damu" yake usiiache ipite. Ni kweli magonjwa ya akili yanaweza kufuatana kwenye ukoo, vile sukari na presha hufuatana. Je, mtu ambaye babake alikuwa na sukari huwa mnamwambia amelaaniwa? Mnamwambia akapimwe. Kijana akisikia ana damu ya kujiua anaona njia yake imeshachorwa, na hiyo ni kauli ya hatari kuitoa mbele ya mtoto wa miaka 19. Kwa hili tu nakuruhusu umkosee heshima mzee kidogo. Kwa sauti ya chini, lakini umwambie.

Sasa mama.

Usimwone mama kama mwongo. Yeye aliona vile kijiji kinafanya, ana mabinti ambao watu wangesema wametoka kwa boma la waliojiua, ana wazee wa ukoo ambao hawezi kuwashinda kwenye kikao, na ana mtoto aliyemzika gizani karibu na ua. Aliamka akaenda kukamua ng'ombe kwa sababu ng'ombe hawajui msiba na kwa sababu hakuna mtu alimpa ruhusa ya kulia. Presha ndiyo neno alilolipata la kumrudishia mwanawe heshima. Ukisimama mbele ya watu kwenye harusi ama kwa chama ukasema "mama anadanganya, Wekesa alijiua" utakuwa umesema ukweli na utakuwa umemvua nguo mama yako. Mimi sikushauri hivyo.

Ninachokushauri ni uanze ndani. Wewe, dada wa Kimilili, huyo mwingine ambaye hukumtaja, na kitinda mimba. Ninyi wanne mnaweza kukubaliana kwamba baina yenu jambo linatajwa kwa jina lake. Kisha uende kwa mama kabla tumbo halijawa zito la kukuzuia kusafiri, umkute akiwa peke yake, jikoni au wakati wa kupura maharagwe, mikono ikiwa na kazi watu huongea zaidi. Usimletee mjadala wa ukweli na uwongo. Muulize kuhusu Wekesa. Alikuwaje wiki zile za mwisho, alikula nini, alimwambia nini. Mwambie vile unamkosa. Mama atakapolia, na atalia, mwambie "alikuwa mgonjwa mama, tulikuwa hatujui ugonjwa wenyewe." Akitaka kurudi kwa presha mwache arudi, siku nyingine utaenda tena. Nimepata barua za watu waliosubiri miaka, na mzee akalitamka mwenyewe siku ambayo hakuna aliyemuuliza.

Kwa watu wa nje huna deni la maelezo. Jirani wa Nairobi akiuliza nduguyo alikufa na nini unaweza kusema sitaki kuzungumzia, huo sio uwongo. Ila ukiona kwa kazi au kwa chama kuna mtu anapitia kitu kama hicho, na moyo ukakutuma, mwambie "ndugu yangu alijitoa uhai mwaka jana." Utashangaa ni wangapi watakuvuta kando baadaye. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu 720,000 kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Hao wote walikuwa na madada. Hapa kwetu ukisoma matangazo ya vifo utadhani vijana wote wanakufa kwa kuugua muda mfupi.

Kuhusu kanisa nitakuwa mkali kidogo. Katekista aliongea sheria ambayo Kanisa lake liliiacha zamani. Ile ya 1917 ndiyo iliyowanyima maziko ya Kikristo waliojiua kwa kukusudia. Sheria ya 1983 haiwataji tena. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, fungu la 2282 na la 2283, inasema uchungu mkubwa au maradhi ya nafsi hupunguza lawama ya mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojitoa uhai, Kanisa linawaombea. Kwa hivyo nenda parokiani, sio kwa katekista, nenda kwa padre mwenyewe na umtajie hayo mafungu. Omba misa ya marehemu kwa jina la Wekesa, isomwe kanisani, mama akiwa ameketi pale. Naona mwezi wa nane unarudi, kwenu makumbusho yapo, basi yafanyeni. Padre akikubali kuja mpaka kaburini alibariki, hapo nyuma karibu na ua, wazee wa ukoo watatafuta viti wenyewe. Chakula kipikwe, hema lije. Na kile kikao cha madeni kifanyike hata kama kimechelewa, manake nina hakika kuna watu wanaomdai na wanamnung'unikia kimya, na huenda wako waliochukua vitu vyake. Ule mkopo wa simu pia uulizieni kwa waliompa, mkiwa na cheti cha kifo mkononi, na msikubali kulipa chochote kwa kutishiwa kwenye simu.

Ile simu. Mwanangu, "tafadhali nipigie" ya Wekesa ulikuwa umepokea ngapi tangu anunue simu? Na kila mara alitaka nini? Nauli, chakula cha kuku, salamu, umbea wa nyumbani. Ile ya mwisho ilikuja na maneno yale yale ambayo kampuni ya simu iliyaandika, haikuwa na rangi nyingine. Wewe uliisoma vile ulivyozisoma zote na asubuhi ukatuma pesa, manake wewe ni mtu ambaye hutuma. Wekesa alikuwa amekaa miezi na ugonjwa usiotibiwa, nyumba nzima, maombi, baba mdogo, kazi iliyoisha, usiku usio na usingizi, vyote vilikuwa pale. Leo unajua mwisho ndiyo maana unaisoma meseji ile na macho mengine. Hilo swali halitakuacha kwa sababu mimi nimeandika hivi, litarudi, hasa usiku. Likirudi usilibishie peke yako, mwamshe mume wako. Meseji ya M-Pesa usiifute. Ipige picha uiweke mahali ambapo simu ikipotea haitapotea nayo, halafu huna haja ya kuiangalia.

Na ukienda kliniki ya wajawazito, mwambie muuguzi kwa maneno haya haya kwamba umefiwa hivi na hulali. Wanawake wenye huzuni nzito kabla ya kujifungua wanahitaji mtu wa kuwaangalia baada ya kujifungua pia, na usipowaambia watakupima uzito na presha wakupe tarehe ya kurudi.

Tumalize na jina. Cheti cha kuzaliwa ni chenu ninyi wawili, wewe na baba mtoto. Kwa hiyo wa kuongea naye ni huyu anayenyamaza, sio mama mkwe. Muulize anaogopa nini, mkosi ama mamake? Majibu ya hayo mawili ni tofauti. Mimi binafsi naona jina lipewe, desturi yenu ya kurudisha mtu kwa jina ni nzuri na Wekesa anastahili. Sharti langu ni moja, mtoto asije akawa bango la kuandamana dhidi ya wazee. Kama unampa jina kwa kumpenda mjomba wake, mpe. Kama ni kuwaonyesha, ngoja hasira ishuke, hata liwe la pili, mbele mweke la ukoo wa baba. Akizaliwa msichana utakuwa umepata muda. Mama mkwe atanuna. Mwache anune.

Niandikie ukishaongea na mdogo wako, hata kama ni mstari mmoja.

Anti